Jicho Ndani ya Neno

Sokwe!

Niruze!

Hivyo ndivyo tunavyofungua vitendawili hapa Burundi. Mwenye kitendawili husema "Sokwe!", na waliokaa naye huitikia "Niruze!", kama vile watoto wa Mombasa au Tanga wanavyoitikia "Tega!" Basi chukueni hiki, wajukuu zangu: Nikikupa sipungukiwi, ukikikataa siongezewi. Ni nini?

Kishikeni mkononi kwanza, msikijibu. Nina kisa cha kuwasimulia.

Jioni moja ya mvua, mjukuu wangu wa kike alirudi kutoka shuleni, hapa hapa Gitega, uso umemshuka. Akauweka mkoba kwenye mkeka, akatoa daftari la Kiingereza, akanisogezea bila kusema neno. Alikuwa ameandika kwamba bibi yake humpa ushauri mwingi. Neno la ushauri aliliandika "advices", na mwalimu wake alikuwa ameikata ile s ya mwisho kwa kalamu nyekundu, tena kwa nguvu, karatasi imekaribia kutoboka.

"Bibi," akasema, "kwa Kifaransa tunasema 'des conseils', na zinahesabika. Kwa Kirundi mtu anaweza kukupa impanuro mbili, hata tatu. Kwa nini Kiingereza kinakataa?"

Nilimwonea huruma, lakini pia nilifurahi. Watoto wa nchi hii wanabeba lugha nne mgongoni. Kirundi wananyonya nacho, kisha shuleni wanakutana na Kifaransa, Kiingereza na Kiswahili. Mzigo huo mara nyingi huwalemea. Lakini aliyebeba mizigo minne anaweza kufungua mmoja akachungulia mwingine, na hilo mtoto mwenye lugha moja haliwezi. Nikamwambia alete chai ya tangawizi, akae.

Nikamuuliza kwanza: "Unaijua viza?" Anaijua, ni ule muhuri wa kwenye pasipoti. "Na video?" Akacheka. "Na televisheni?" Akanitazama kama ninayepoteza wakati. Nikamwambia maneno hayo yote matatu yana damu moja. Damu hiyo imetoka katika Kilatini, lugha ya Warumi wa kale, nayo ni kuona. Video maana yake ni "naona". Viza ni kitu kilichokwisha kuonwa, yaani ofisa amekitazama akaridhika. Televisheni ni kuona kilicho mbali. Sasa litazame neno lako lililokatwa mkia. Toa zile herufi mbili za mwanzo, a na d. Kinachobaki ni "vice". Hicho ni kipande cha kuona vilevile, kimevaa nguo nyingine.

Wafaransa wa zamani sana walikuwa na namna yao ya kutoa wazo. Walisema "ce m'est a vis", yaani "hili laonekana kwangu". Msemo huo haukuwa "fanya hivi" wala "usifanye hivi". Mtu alisema tu kilichopita mbele ya macho yake. Kwa kurudiwarudiwa, vile vipande viwili vya mwisho, a na vis, viligandana vikawa neno moja, "avis", lenye maana ya wazo la mtu, jinsi yeye anavyoliona jambo. Kiasi cha miaka 700 iliyopita Waingereza walilichukua neno hilo kama lilivyo. Kwanza lilimaanisha maoni, na baadaye likamaanisha maoni unayompa mwenzako ili yamsaidie kuamua.

"Kwani wao hawakuwa na neno lao?" akauliza mjukuu wangu.

Walikuwa nalo, na lilikuwa zuri. Habari ya kupotea kwake ni hadithi ya mfalme, kwa hiyo nilimimina chai tena.

Neno lao lilikuwa "rede", na zamani zaidi liliandikwa "ræd". Lilimaanisha shauri. Mnawajua akina Alfred? Hapa Gitega hawakosekani, walibatizwa jina hilo na wanaliitikia kila siku. Ile "red" ya mwishoni ni neno hilohilo. Alfred maana yake ni shauri la viumbe wa msituni, wale wa hadithi za watu wa kaskazini, ambao waliaminika kuwa na akili kuliko wanadamu. Na akina Conrad? Hilo ni jina la Kijerumani, lakini "rad" yake ni ndugu wa "red" ile: aliye jasiri katika shauri. Kwa hiyo neno lililokufa Uingereza linaitwa kila asubuhi kwenye milima ya Burundi, mama anapomwita mwanawe aamke akateke maji.

Sasa mfalme. Mwaka 978 Uingereza ilipata mfalme kijana mdogo, aliyetawazwa baada ya kaka yake wa baba mmoja kuuawa. Jina lake Æthelred, nalo maana yake ni shauri adhimu. Fikirieni kubeba jina kama hilo! Wakati wake wavamizi wa Denmark walikuwa wakija kwa majahazi marefu, wakichoma vijiji na kuteka watu. Mwaka 991 Waingereza walishindwa vitani, na mkubwa wa maaskofu, Sigeric, akatoa shauri: tuwalipe waende zao. Wakalipwa ratili 10,000 za fedha. Wakaenda, kisha wakarudi. Nani asingerudi? Wakalipwa tena, na tena, na kila safari mzigo ukazidi kuwa mzito, hata mwaka 1012 malipo yakafika ratili 48,000. Mwaka uliofuata mfalme wa Denmark hakutaka fedha tena, alitaka nchi yenyewe, akaichukua. Æthelred akakimbilia ng'ambo ya bahari, Normandy, kwao mke wake Emma. Alirudi mwaka 1014, na mwaka 1016 akafa.

Watu waliokuja baadaye walimpa jina la utani lenye uchungu. Walimwita "unræd", yaani asiye na shauri. Jina lake na utani wake vikawekwa pamoja, Shauri Adhimu Asiye na Shauri, na kila aliyesikia alielewa. Leo vitabu vya Kiingereza humwita "Unready", na wasomaji wengi hufikiri maana yake ni mtu ambaye hakuwa tayari. Sivyo hata kidogo. Neno "rede" lilipokwisha kusahaulika, masikio yakatafuta neno jingine la karibu la kuliweka mahali pake.

Na sasa sikilizeni jinsi kamba inavyojifunga. Ndoa ile ya Emma iliwaunganisha wafalme wa Uingereza na watawala wa Normandy. Mwaka 1066 William wa Normandy, mjukuu wa kaka yake Emma, alivuka bahari akidai kiti cha enzi ni haki yake kwa sababu ya ukoo huo na ahadi alizosema alipewa. Alishinda vita, akatawala, na pamoja naye kikaja Kifaransa. Mahakamani Kifaransa, mezani pa wakubwa Kifaransa. Maneno ya wanyonge yalibaki jikoni na mashambani, na kidogo kidogo "avis" na maneno mengine ya Kifaransa yakakaa pale "rede" lilipokuwa limekaa. Mfalme aliyekosa shauri alifunga ndoa iliyokuja kulifukuza hata neno lenyewe la shauri. Nimewahi kuwasimulia watu wazima kisa hiki na mara zote huwa nanyamaza kidogo hapa.

Mjukuu wangu hakunyamaza. Alikuwa ameinama juu ya daftari. "Lakini Bibi, 'avis' haina d. Hii d imetoka wapi?"

Mtoto huyu atafika mbali.

Katika karne ya 15 na ya 16, wasomi na waandishi wa Ulaya walikipenda Kilatini kama mtu anavyopenda nguo za sikukuu. Kila walipoona neno ambalo babu yake ni Kilatini, walitaka ukoo wake uonekane. Wakaona "avis", wakakumbuka kwamba Kilatini kina "ad", yaani "kwa" au "kuelekea", wakachomeka d katikati. Neno halikuwa limeiomba. Waliyafanyia hivyo maneno mengi: ile b ya "debt", inayowatesa wanafunzi kwa sababu haitamkwi, ilichomekwa kwa sababu hiyohiyo. Ila d hii ilikuwa na bahati, maana watu walianza kuitamka, ikaota mizizi. Wafaransa nao waliandika "advis" kwa muda mrefu, kisha wakaivua d, wakabaki na "avis" yao ya zamani. Waingereza wakabaki wameivaa.

Kesho yake, wakati wa kumsindikiza shule, nilimwonyesha ubao wa matangazo mbele ya ofisi moja mjini. Karatasi zote juu zimeandikwa kwa herufi kubwa AVIS: tangazo la kazi, tangazo la kukatika maji, tangazo la mnada. Alikuwa amezipita kila siku. "Ni lilelile?" akaniuliza. Ni lilelile. Kifaransa kiliingia kwetu pamoja na Wabelgiji waliotwaa nchi mwaka 1916, nacho kikalileta "avis". Kiingereza kimekuja majuzi tu: mwaka 2007 Burundi iliingia katika Jumuiya ya Afrika Mashariki, na mwaka 2014 sheria ikakifanya Kiingereza lugha rasmi pamoja na Kirundi na Kifaransa. Ndivyo ndugu wawili waliotengana miaka 700 iliyopita walivyokuja kukutana Gitega, mmoja ubaoni, mwingine daftarini kwa mtoto, na hakuna aliyewatambulisha.

Na kwa nini shauri liwe tangazo? Kwa sababu mtu akiona jambo mbali, akakuandikia alichokiona, hiyo ni habari. Huko Venice na Roma, karne ya 16, kabla ya magazeti, watu walinunua karatasi za habari zilizoandikwa kwa mkono, zikiitwa "avvisi". Wafanyabiashara wa Uingereza walipopokea barua za habari kutoka bandari za mbali waliziita "advices". Ndiyo, kwa s! Mjukuu wangu aliposikia hivyo alirukaruka barabarani hadi kiatu kikamvuka. Mwalimu ana haki, Kiingereza cha leo hakilihesabu shauri, na mtihani utataka hivyo. Lakini kosa la mtoto lina mababu, na nilitaka alijue hilo kabla ya kuifuta ile s.

Kisha nikamwuliza kwa Kiswahili: "Nihesabie. Ushauri mmoja, ushauri wangapi?" Akafungua mdomo, akaufunga. Ushauri ni kama uji na ulezi, ukiwa kidogo ni ushauri, ukiwa mwingi ni ushauri. Mashauri yanahesabika, ushauri hauhesabiki. Kumbe kile kilichomliza kwa Kiingereza alikuwa nacho nyumbani tangu utotoni.

Na jicho je? Lugha yetu nayo imelificha. Tunaposema "maoni yangu", tunasema kuona kwangu. "Rai" ilitoka katika Kiarabu, na huko pia mzizi wake ni kuona. Halafu kuna neno moja ambalo nalipenda kuliko yote, na watu wengi hulitumia bila kulitazama: kuonya. Kuonya ni kumfanya mtu aone, kama vile kulisha ni kumfanya mtu ale. Mama anayekuonya usicheze karibu na mto anachukua macho yake aliyoona nayo maji yakijaa, anayaweka usoni mwako kwa kitambo. Wakubwa wengi husahau, wakidhani kuonya ni kupaza sauti.

Likizo ilipofika tulipanda gari dogo la abiria, tukapita Karuzi, tukaelekea Muyinga, kaskazini mashariki, karibu na mpaka wa Tanzania. Ndiko nilikozaliwa. Kiswahili utakisikia sokoni, msikitini, na kwa madereva wanaokwenda na kurudi kutoka mpaka wa Kobero. Kaka yangu anafuga nyuki. Mizinga yake ni ya kizamani, imesukwa kwa fito, ikapakwa kinyesi cha ng'ombe, ikafunikwa majani, ikatundikwa mitini. Kirundi kinauita umuzinga, na jina ni lilelile la Kiswahili.

Usiku kaka yangu alitupeleka kurina. Mjukuu wangu alisimama mbali amejifunga khanga yangu usoni. Moshi ulipulizwa polepole. Mkono wa kaka uliingia mzingani kama unaoingia mfukoni mwa mtu aliyelala. Alitoa masega matatu, akaacha mengine. Nyuki hawa wana nyumba yao, alisema, na kesho watataka kula.

Tuliporudi ndani, mikono yetu ikinata, nikamwambia mtoto: "Umeona shauri likitolewa."

Hakuelewa, kwa hiyo nikamweleza. Neno letu la shauri limetoka katika Kiarabu, katika mzizi uleule wa "shura", jina la sura ya 42 ya Qurani. Na kwa Kiarabu, kitendo cha mzizi huo kikiwekwa mbele ya asali, maana yake ni kurina. Raghib al-Isfahani, mwanachuoni wa zamani aliyeandika kamusi ya maneno ya Qurani, aliyaunganisha mambo haya mawili wazi: kushauriana ni watu kutoa wazo kwa kurejeana, kama asali inavyotolewa mahali pake.

Hapo nataka mtulie nami kidogo, kwa sababu picha hii inageuza jambo lote. Sisi hudhani shauri humiminwa na mtoaji: mzee anasema, kijana anapokea. Neno lenyewe linasema kinyume. Anayefanya kazi ni yule anayehitaji. Yeye ndiye anayepanda mti, anayepuliza moshi taratibu, anayeingiza mkono katika nyumba ya mwenzake na kuvumilia kuumwa mara moja au mbili. Mwenye mzinga ana asali, lakini haitajitoa yenyewe. Wahenga waliposema fuata nyuki ule asali, walikuwa karibu sana na neno hili.

Neno hilo lilisafiri na misafara hadi huku kwetu. Wajerumani walipotawala Burundi, Rwanda na Tanganyika kama koloni moja, walilisikia kila mahali wakalitia katika lugha yao wenyewe: waliandika "Schauri", wakimaanisha kikao cha kusikiliza kesi na kuzungumza na watemi. Kituo chao cha hapa Gitega walikijenga mwaka 1912. Siku hizi tunalisikia zaidi likiwa limekunja uso: "Shauri yako!" Hilo linaniuma. Neno la watu kukaa pamoja limekuwa neno la kumwacha mtu peke yake barabarani.

Asubuhi wifi yangu alikuwa akichuja asali. Alikuwa ameyaponda masega, ameyaweka juu ya kitambaa safi, na asali ikitiririka chini huku nta, vumbi na mabawa ya nyuki vikibaki juu. Nikamwita mjukuu wangu. "Na hiyo," nikasema, "ni nasaha." Maana Waarabu wa zamani waliita asali safi, iliyotengwa na nta, kwa neno la mzizi huohuo wa nasaha. Anayekunasihi anakupa kilichochujwa: ametoa hasira yake, ametoa faida yake, ametoa wivu wake. Katika zahanati na vituo vya afya vya Tanzania utasikia maneno mawili yakisemwa pamoja, "ushauri nasaha", kwa mtu anayesubiri majibu ya vipimo kwa moyo mzito. Wanaoyasema huenda hawajui kwamba wanataja asali mara mbili, ya kurinwa na ya kuchujwa. Ningependa kila mhudumu alijue hilo siku yake ya kwanza kazini.

Nasaha ina maana ya pili pia, nayo tuliikuta sokoni Muyinga. Kwenye baraza la duka, mafundi wameketi na cherehani zao za kukanyaga. Mjukuu wangu alikuwa amechanika mfuko wa gauni akipanda mti wa mizinga, nasi tukampa fundi mmoja. Kwa Kiarabu mzizi uleule ni kushona, na mshonaji aliitwa kwa neno lilelile la mwenye kunasihi. Tukamtazama fundi. Hakuuliza kwa nini limechanika. Hakusema angetumia kitambaa kingine. Alizileta pande mbili zikakaribiana, akapitisha uzi. Alipomaliza aliukata uzi kwa meno, akarudisha gauni.

Jioni ile kulikuwa na neno la mpaka wa shamba kati ya majirani wawili wa kaka yangu, na wazee wakaitwa. Ninyi wa mjini huenda mmewaona tu kwenye picha, kwa hiyo nawaeleza. Abashingantahe ni watu wa mlimani wenyewe, waliochaguliwa kwa ukweli wao, wakaapishwa mbele ya jirani zao wote. Jina lao limetokana na intahe, fimbo fupi wanayoipiga chini wanapoamua. Wao ni wenye kuisimika. Mkataba wa Amani wa Arusha, uliotiwa saini tarehe 28 Agosti 2000 katikati ya vita virefu vilivyotumaliza, ulikumbuka kuwataja na kutaka desturi yao ihuishwe. Wazee walisikiliza upande mmoja hadi mwisho, kisha wa pili hadi mwisho. Kisha waliinuka wakaenda pembeni, faraghani, wakasemezana. Walichorudi nacho kilikuwa neno moja, ingawa walioondoka walikuwa watu watano.

"Wametoa inama," akanong'ona mjukuu wangu, "na pia wamefanya inama!"

Sikuwa nimemfundisha hilo. Kirundi kina neno moja kwa mkutano na kwa ushauri. Bunge letu linaitwa Inama Nshingamateka, na rafiki akikuelekeza njia njema amekugira inama. Mtoto aliona kwamba kwa Warundi wa kale huwezi kupata ushauri bila watu kukaa. Wajerumani nao wana "Rat", ndugu wa lile "rede" lililokufa, na maana zake ni hizohizo mbili, baraza na shauri. Kiingereza kina "counsel" na "council", maneno mawili ambayo sikio haliyatofautishi, la kwanza ni shauri na la pili ni baraza.

Nimesahau kuwaambia jambo moja kuhusu "rede". Lenyewe limekufa, lakini lina ndugu wawili wa mzizi uleule, nao wako hai. Mmoja ni "read", kusoma. Mwingine ni "riddle", kitendawili. Kwa watu wale, kushauri, kusoma na kutegua kitendawili kulikuwa kazi moja: kukaa mbele ya kitu kilichojifunga hadi kikufungukie.

Tulirudi Gitega na chupa mbili za asali zimefungwa kwenye khanga. Ndani ya gari mvua ilipiga vioo, abiria wakasinzia. Mjukuu wangu alikuwa na daftari lake mapajani, akiandika na kufuta. Tulipopita Karuzi akanigusa bega.

"Bibi. Sokwe!"

"Niruze!"

"Nilipozaliwa nilikuwa jicho. Nilipovuka bahari nilivishwa kitu ambacho sikukiomba. Nilipofika Gitega, mwalimu akanikata mkia."

Mwanamke aliyeketi mbele yetu akageuka kusikiliza. Mimi nikatazama nje, mlima baada ya mlima, nikajishika kidevu.

"Hicho kigumu," nikamwambia. "Usiniombe mji bado, acha nifikiri."